Jibu: Zulia jipya la MGB linabetuka na kunuka unyevu

Habari za leo, ndugu. Unasema kwamba zulia jipya la MGB yako ya 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza, modeli isiyo na paa la chuma, linabetuka kwenye tuta la gia boksi (mwinuko wa katikati ya sakafu unaofunika gia boksi) na linanuka unyevu, ingawa vipande vyote vilikatwa kwa vipimo vya gari hilo.

Kabla ya kubandua chochote, bonyeza sponji iliyo chini ya miguu ya dereva na ya abiria. Ikitoa maji, chunguza kwanza mpira wa kioo cha mbele na mipira inayopitisha maji ya hita; maji ya hita utayatambua kwa utelezi na harufu yake tamu. Gari hili halina chasisi ya pekee, hivyo kutu ya sakafuni na ya maboksi yaliyo chini ya milango hudhoofisha bodi yenyewe, na haifai kufunikwa kabla ya kuchomelewa.

Mimi huanza na tuta: hulianika zulia juani hadi lilainike, hupaka gundi mgongoni mwa zulia na juu ya tuta, husubiri hadi isinate kidoleni, kisha hubandika kutoka katikati kwenda pembeni. Vipande vya sakafuni usivigundishe, bali vishike kwa vishikizo vya kubonyeza ili uweze kuvitoa na kuvikausha. Matundu ya boliti za viti yatafute kwa sindano ya fundi viti, kisha ukate msalaba mdogo, kwa sababu drili hunasa nyuzi na kulifumua zulia.