"Dog down" kwenye orodha ya ukaguzi melini

SWALI: Mimi ni kadeti, ndio kwanza naanza mafunzo ya baharini. Orodha yetu ya ukaguzi kabla ya kung'oa nanga inasema "Dog down all weathertight doors", yaani ile milango ya kuzuia maji ya mvua na mawimbi. Kamusi yangu inanipa mbwa, tena inanipa kumfuatafuata mtu. Je, ni kufunga mlango tu? Na ni sawa na "batten down"?

JIBU: Kufunga tu hakutoshi, kadeti. Mafundi wa Kiingereza huita "dog" chuma kinachoshika kitu kisichezecheze. Melini ni yale makomeo ya mkono yanayozunguka mlango wa chuma. Ukiyageuza yanaubana mlango mpaka ukingo wa fremu unadidimia kwenye mpira wa kuzuia maji ulio mlangoni. Unajua tofauti ya kurudishia mlango na kuukomea. "Dog down" ni kukomea, tena makomeo yote, hadi la mwisho.

Anza na komeo la upande wa pili wa bawaba, likaze kiasi cha kuushika mlango tu, kisha endelea na mengine kwa mkazo ulio sawa. Kufungua, tangulia na yale ya upande wa bawaba, la sivyo mlango utafyatuka na yaliyobaki yatakuwa magumu. Ukitaka kuhakikisha, paka chaki kwenye ukingo wa fremu, komea, fungua, halafu utazame mpira. Mstari wa chaki ukikatika, hapo ndipo maji yatakapopita. Milango mingine ina gurudumu moja linalosukuma makomeo yote kwa mpigo. Kitenzi ni kilekile.

Kisarufi, unaweza kusema "dog down the hatch" ("hatch" ni mfuniko wa tundu la sitaha) au "dog the hatch down", lakini kiwakilishi hukaa katikati: "dog it down". Wakati uliopita ni "dogged down". Kufungua ni "undog". Mabaharia wengi huiacha hiyo "down", wakasema "dog the door" basi.

"Batten down" ni habari ya turubai: zamani mdomo wa ngama, yaani chumba cha shehena, ulifunikwa kwa mbao, turubai juu yake, kingo zikabanwa kwa fito bapa zilizogongewa kabari. Siku hizi hata mtu wa bara asiyewahi kupanda meli huitumia akijiandaa na msukosuko wowote. Kwa mlango wenye makomeo, kwenye ripoti yako andika "dogged".