Maswali yenu kuhusu redio ya Uingereza ya miaka ya 1950

Msomaji wa Tanga: Waingereza walikuwa na idhaa ngapi wakati huo?

Tatu, zote za BBC. Home Service ilibeba habari, mazungumzo na michezo ya kuigiza. Light Programme, iliyoanza Julai 1945, ilikuwa ya burudani. Third Programme ilifuata Septemba 1946, nayo ilikuwa ya jioni tu: muziki wa ala, mashairi na mihadhara mizito. Aliyechoshwa na zote aliisaka Radio Luxembourg usiku, kituo kilichorusha matangazo kutoka nje ya Uingereza.

Msomaji wa Nakuru: Siku nzima ilijazwa na nini?

Swali hili nimelingoja kwa hamu, maana utamu wote umo humu. Vipindi vilipangwa kwa kufuata saa za nyumba na za kazi. Baada ya saa tatu asubuhi, Housewives' Choice ilipiga nyimbo zilizoombwa na akina mama waliobaki nyumbani. Saa nne na nusu ikaja Music While You Work kwa ajili ya viwanda: nusu saa ya muziki mfululizo, mdundo haulegei, mtangazaji haingilii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wimbo mmoja wa Kimarekani wenye makofi ndani yake uliondolewa, kwa kuwa wafanyakazi wangeacha kazi na kuanza kugonga mashine kwa spana ili kuitikia!

Kuanzia 1950, saa nane kasorobo mchana ilikuwa zamu ya watoto wadogo, robo saa ya hadithi iitwayo Listen with Mother. Msimulizi aliwauliza kama wamekaa vizuri, ndipo aanze. Sisi tuna paukwa, pakawa. Wao walikuwa na hiyo. Saa nane kamili, Woman's Hour, kipindi cha wanawake. Saa kumi na moja jioni watoto waliotoka shule walipata Children's Hour, na saa tatu usiku kengele ya Big Ben ilitangulia taarifa ya habari. Kwangu mimi huo ni upangaji wa mtu anayemjua msikilizaji wake yuko wapi na mikono yake inafanya nini.

Msomaji wa Mbeya: Ni kweli mchezo wa kuigiza wa The Archers ulikuwa wa kufundisha kilimo?

Kweli. Ulianza kusikika nchi nzima Januari 1951, ukitengenezwa Birmingham, na Wizara ya Kilimo ilitoa ushauri. Chakula kilikuwa bado cha mgao, na mgao haukuisha hadi 1954, kwa hiyo habari za mbolea na magonjwa ya ng'ombe zilipenyezwa katikati ya mapenzi na ugomvi wa kijijini. Unaendelea hadi leo.

Msomaji wa Kigoma: Wasio na umeme walifanyaje?

Walitumia betri ya maji, chupa nene ya kioo yenye tindikali ndani, iliyoshikwa kwa mpini. Ikiisha nguvu inapelekwa dukani kuchajiwa, na nyingine inarudi nyumbani. Ilibebwa kwa uangalifu, maana tone moja lilitosha kutoboa nguo. Juu ya hapo palikuwa na leseni ya redio, pauni moja kwa mwaka kuanzia 1946.

Msomaji wa Mombasa: Kiswahili kilianza lini BBC?

Juni 27, 1957.

Msomaji wa Nyeri: Siku mfalme alipofariki, redio ilifanya nini?

Nyeri mna haki ya kuuliza. Ilikuwa Februari 6, 1952. Elizabeth, binti wa mfalme, alikuwa kwenu, amelala hoteli ya Treetops, na habari ikamfikia Sagana. London, saa tano na robo asubuhi, mtangazaji wa BBC John Snagge aliisoma taarifa ya kifo cha George wa Sita. Kisha vipindi vyote vikasimamishwa, isipokuwa habari na hali ya hewa. Hadithi ya watoto ya saa nane kasorobo haikusikika siku hiyo.