Bibi Nesi Anajibu: HKL na ubongo, wapi na wapi?

Mwezi huu naona mmeamua kuniletea vichwa tu. Sawa. Nimehudumia wodi ya magonjwa ya akili mpaka nikastaafu, hamnitishi. Barua ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu nimeipenda, nyingine tutakwenda nazo kadiri zinavyohitaji.

*Shikamoo Bibi Nesi. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Nimesikia kuna vyuo vikuu vyenye vituo vya utafiti wa ubongo na afya ya akili ambako madaktari, wanasaikolojia, watu wa kompyuta, wanaisimu na hata wanafalsafa wanafanya kazi pamoja. Nikamwambia kaka yangu huko ndiko ninakotaka kufika. Alicheka mpaka akakaa chini. Anasema ubongo ni wa watu wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), mimi nikasomee ualimu. Anasema kweli? – Msomaji, Buhongwa*

Marahaba mjukuu wangu. Kaka yako mpe maji anywe, kicheko kikiisha msomee haya.

Lipo dodoso linalotumika sana duniani kupima sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Lina maswali tisa, limetungwa Marekani, na ni zuri, sina ugomvi nalo. Linauliza: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa usingizi, umekosa hamu ya kula, umejiona hufai? Sasa njoo nalo soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Nilimkuta pale binti wa utafiti, msomi mzuri tu, ameketi juu ya gunia anamhoji mama muuza dagaa. Kila swali mama anajibu, "Karibu kila siku." Usingizi? Hamna. Chakula? Hakipiti. Kwa hesabu ya karatasi, yule mama alikuwa wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Nikamuuliza binti, "Mwezi uko wapi leo?" Akanitazama kama vile mgonjwa ni mimi.

Wewe wa Mwanza unajua nilichouliza. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inalala ufukweni, mama hana mzigo, wa kikoba wanampigia simu, na mtoto karudishwa nyumbani kwa michango ya shule. Muulize mama huyohuyo giza likiingia, mzigo upo na wanunuzi wapo, utapata karatasi nyingine kabisa. Je, ana sonona au ana mbalamwezi? Huenda ana vyote viwili. Ndiyo maana ni lazima arudiwe, na wa kumwambia mtafiti kwamba arudi lini ni mtu anayejua uvuvi. PCB haina mada ya mbalamwezi.

Halafu lugha. Miaka yote niliyokaa wodini, mtu wa kwetu aliyeingia akasema "nina huzuni" ni wa kuhesabu. Wanasema kichwa kinawaka moto. Moyo unaenda mbio. Mwili umeisha nguvu. Mawazo yamezidi. Usipouliza kwa maneno hayo utajibiwa "sijambo" na utaandika sijambo. Kuyakusanya maneno hayo, kuyapanga, kuyajaribu kwa watu wa Sengerema na wa Magu kuona kama wote wanaelewa kitu kimoja, hiyo ni kazi ya aliyesoma lugha. Hapo HKL inakula ugali wake halali.

Mfano mkubwa zaidi uko ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Usenge, upande wa Kenya, watafiti waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Mmoja wa watafiti hao alikuwa Robert Sternberg, mwanasaikolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwingine Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Na walikuwamo wataalamu wa mila na wa minyoo pia. Waliwapa watoto mitihani ya kawaida ya akili na msamiati. Lakini wakaongeza mtihani wao: tumbo likiuma namna hii, ni mti gani unachemshwa, na unakunywa kiasi gani? Watoto wale walizijua dawa za miti kwa majina, na walizitumia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: waliojua sana dawa za miti hawakuwa vinara wa mtihani wa msamiati wa Kiingereza, kwa ujumla walikuwa nyuma kidogo. Mtu mvivu wa kufikiri angesema hawana akili. Watafiti walisema jambo jingine: mtoto anayekaa na bibi yake porini akijifunza mizizi anapunguza muda wa daftari, na wa daftari hana muda wa mizizi. Angekwenda mwanasaikolojia peke yake na mtihani wake mmoja, angerudi kwao na nusu ya watoto wa Usenge wameandikwa wajinga.

Na Zimbabwe je? Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliona wagonjwa ni wengi na wataalamu wanahesabika kwa vidole. Mwaka 2006 akaanza kuwafundisha bibi wa mitaani, Harare, kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Watu wangeweza kusema ni porojo za wazee. Kwa hiyo wakapimwa kwa kanuni: wagonjwa 573, kundi moja benchi, kundi jingine huduma ya kawaida, na miezi sita baadaye wa benchi walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Matokeo yalitoka 2016. Hapo kulikuwa na daktari, mtu wa takwimu, na bibi. Mimi, kwa umri wangu, upande wangu unajulikana.

Sasa nikuambie na lisilopendeza. Vituo vingine vya "taaluma mbalimbali" ni kibao tu getini. Ndani kila mmoja ana mlango wake, wanakutana kwenye chai na kwenye kuomba fedha. Ukifika mahali, uliza nani anakaa na nani wakati maswali ya utafiti yanatungwa. Kama mwanaisimu anaitwa mwishoni kutafsiri tu, mmewekwa pambo. Jambo la pili: takwimu huikwepi. Unaweza kuanza na saikolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au isimu, au sosholojia, hata huo ualimu wa kaka yako una saikolojia ndani yake. Lakini jedwali la takwimu utalikuta popote utakapogeukia. Anza kulizoea kabla halijakuzoea wewe.

*Bibi Nesi, mwanangu wa miaka saba ana sikoseli. Kliniki wameniomba aingie kwenye utafiti, watampima kichwa kwa ultrasaundi. Jirani anasema wanachukua damu za watoto wakauze, na kwamba ile mashine inaharibu akili. Baba yake amekataa. Nifanye nini? – Mama, Igombe*

Pole mwanangu. Tuanze na mashine, maana hiyo ni nyepesi. Ultrasaundi ni ileile uliyopimiwa ukiwa na mimba. Inatumia sauti ambayo sikio halisikii, haina mionzi, haimchomi mtoto. Atalala chali, atapakwa jeli pembeni mwa jicho karibu na sikio, pale mfupa ulipo mwembamba, na mpimaji atatafuta mshipa mkubwa wa ubongo. Ataisikia damu yake mwenyewe ikivuma kwenye spika, watoto wengi hulipenda hilo.

Wanachotafuta ni mwendo wa damu. Sikoseli hufanya chembe nyekundu kupinda na kung'ang'ania, na mishipa ya kichwani huweza kuwa myembamba. Ukibana mdomo wa mpira wa maji, maji yanatoka kwa kasi. Ndivyo ilivyo kwenye mshipa. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde tunashukuru. Kuanzia 170 hadi 199 anafuatiliwa kwa karibu. Ikifika 200, hatari ya kiharusi ni kubwa, na hiyo ni kwa mtoto mdogo kama wako. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu watoto hao mara kwa mara kunapunguza kiharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini wewe na mimi tunajua kupata damu salama kila mwezi kunavyosumbua. Ndiyo maana hapa Mwanza, hospitali ya Bugando, watafiti wakishirikiana na wenzao wa Cincinnati, Marekani, waliwapima watoto vichwa na kuwapa walio hatarini haidroksiurea, dawa ya kumeza kila siku. Mwendo wa damu ulishuka.

Kuna kingine ambacho jirani yako hakijui. Sikoseli inaweza kuleta viharusi vidogo visivyopooza mkono wala mguu. Mtoto anatembea vizuri, anacheza, ila darasani hashiki somo, anasahau alichotumwa dukani. Mwalimu anaandika "mvivu". Wangapi wamechapwa kwa sababu ya mshipa! Kwa hiyo mtoto wa sikoseli akianza kushuka darasani, mwambie daktari wa kliniki, usiishie kwa mwalimu.

Sasa suala la kukubali. Swali la damu inakwenda wapi halina ujinga wowote, na wana wajibu wa kulijibu. Utafiti halali lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili, na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ndiyo yenye kibali cha taifa, omba uonyeshwe. Fomu iwe ya Kiswahili. Kama husomi vizuri, uje na shahidi unayemwamini wewe, siyo watakayekutafutia. Uliza damu itakayotolewa ni kiasi gani, itatunzwa wapi na kwa muda gani, na kama itasafirishwa nje. Uliza: mtoto akikutwa na hatari, nani atamtibu na kwa fedha ya nani? Hili wengi husahau, na kwangu ndilo la kwanza. Mwisho, una haki ya kukataa, au kukubali kisha kujitoa, na kliniki yake ikaendelea kama kawaida. Atakayekutisha kwamba ukijitoa hatatibiwa, mripoti.

Baba usimbishie nyumbani. Nenda naye kliniki, aulize mwenyewe. Wanaume wengi wanachokataa ni kuambiwa baada ya kila mtu.

*Bibi, wanasema chuoni kuna kofia ya nyaya, ukivaa inasoma unachowaza. Mke wangu anafanya usafi hapo. Niwe na wasiwasi? – Fundi, Nyakato*

Wasiwasi wa nini, fundi? Una unachowaza?

Kofia ipo. Aliyerekodi kwanza umeme wa ubongo wa binadamu ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili kule Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Cha kuchekesha, alianza akiamini mawazo yanaweza kuruka toka kichwa kimoja hadi kingine. Hayo hakuyapata; alipata mawimbi madogo mno, ya sehemu za milioni za volti. Yanatuonyesha kama mtu amelala au yu macho, na kama ana kifafa. Deni lako la bar hayalisomi.

*Shikamoo. Mdogo wangu anavua sangara Ukerewe na ana kifafa. Tajiri wa mtumbwi amemfukuza. Wengine wanasema kalogwa, yuko kwa mganga. Akipona arudi ziwani? – Kaka mtu, Nansio*

Marahaba. Kwanza aende hospitali, hata kama kwa mganga anaendelea. Sitagombana na mganga kwenye gazeti. Kifafa kinatokana na mambo mengi: malaria kali ya utotoni, kuzaliwa kwa shida, kuumia kichwa, na hata mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia mwilini kwa uchafu na kwenda kuota ubongoni. Hilo la mwisho limewakutanisha madaktari wa watu na wa mifugo, maana huwezi kumtibu mtu ukamwacha nguruwe anazurura vyooni.

Dawa zipo, fenobabitali mojawapo, na hazikatishwi ghafla kwa kuwa hajaanguka mwezi huu. Ziwani asirudi mpaka daktari aridhike kwamba kimetulia. Kushona nyavu na kusimamia mizani ni kazi pia.

Akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu, msimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika tano hajatulia, hospitali. Na siku ya kliniki usimwache aende peke yake: yeye hajui anavyoanguka, wewe ndiye uliyeona. Ukiweza kumrekodi kwa simu, mwonyeshe daktari.