Maswali ya Wasomaji: Mtoto wa Kwanza, Mzigo wa Nyumba na Kazi ya Kusomea

Barua tulizochagua safari hii zimeandikwa na familia za Wakongo waliofika Marekani kutoka kambi za Afrika Mashariki. Zote zinagusa jambo moja: kijana afanye nini ili asaidie nyumba bila kupoteza zamu yake ya kusoma na kupata kazi yenye cheti.

Shikamooni. Nina miaka 18, naishi Louisville, Kentucky, niko mwaka wa mwisho wa haiskuli. Tangu tufike kutoka kambi ya Nyarugusu mimi ndiye ninayewatafsiria wazazi hospitalini, shuleni kwa wadogo zangu, na barua zote. Nakosa vipindi karibu kila wiki. Nataka kuwa muuguzi. Baba anasema nikimaliza niingie ghalani kama yeye, kodi ya nyumba inamshinda. Mjomba anasema kuna chuo binafsi kinachotoa uuguzi haraka kwa mkopo. Nianzie wapi? – Binti wa kwanza

Marahaba, binti yetu. Anza na ukalimani, maana ndio unaokula saa zako za darasani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo wala si yako. Kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, hospitali na shule zinazopokea fedha za serikali kuu haziruhusiwi kumwacha mtu nje kwa sababu hajui Kiingereza. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 kinakwenda mbali zaidi: kanuni zake zinakataza hospitali kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwenye dharura ambapo mkalimani hapatikani mara moja. Ukiwa umefika miaka 18 kinga hiyo ya utoto imekwisha, lakini bado hawawezi kukulazimisha. Ni mgonjwa mwenyewe aombe, na wewe ukubali.

Mkalimani huombwa siku ya kupanga miadi, kwa simu, si asubuhi ya kufika. Sema mama anahitaji Kiswahili cha Kongo. Kama anajieleza vizuri zaidi kwa Kibembe, taja Kibembe. Omba iandikwe kwenye faili lake ili isirudiwe kila mara. Hatozwi kwa huduma hiyo hata senti. Kinachoharibu ni mambo mawili. Mzazi akiulizwa "unaongea Kiingereza?" hujibu "kidogo" kwa adabu, na hapo mkalimani anafutwa. Au anawekewa karatasi ya kukataa mkalimani, naye anasaini bila kuielewa. Mweleze mama mapema: jibu ni "hapana, nahitaji mkalimani", na karatasi isiyosomwa kwa lugha yake haisainiwi. Shuleni kwa wadogo zako ni vivyo hivyo, kikao cha wazazi kina haki ya mkalimani.

Sasa fedha za chuo. Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa fedha za chuo kutoka serikali kuu, kwa kawaida hufunguliwa kufikia tarehe 1 Oktoba, na inatumia kodi ya mapato ya miaka miwili nyuma: kwa masomo ya 2026–27, ni kodi ya 2024. Wewe unafungua akaunti yako, na baba au mama anafungua yake, kwa baruapepe yake na namba yake ya simu. Wengi hukwama hapa kwa kumsajili mzazi kwa baruapepe ya mtoto. Mfumo unaikataa, na wiki zinapotea. Wazazi wakiwa wameoana na waliwasilisha kodi kwa pamoja, anatosha mmoja. Mzazi huyo lazima atoe idhini ya taarifa zake za kodi kuchukuliwa. Asipoidhinisha, hupati msaada wa serikali kuu hata kama fomu nyingine yote imekamilika. Mzazi wa kambini huogopa kusaini kitu kinachotaja kodi, na hofu hiyo ina sababu zake. Kaa naye, msomee, mwonyeshe kwamba hakuna deni linaloandikwa kwa jina lake. Chagua kwamba si raia lakini unastahili, weka namba ya A iliyoko kwenye grini kadi, na jina liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security.

Kinachotafutwa humo ni ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 kilikuwa dola 7,395. Kentucky ina pia KEES, ufadhili wa masomo wa jimbo, unaopimwa kwa wastani wa alama wa kila mwaka wa haiskuli, kuanzia 2.5. Kwa hiyo kila kipindi unachokosa sasa hivi kinakugharimu fedha, na hilo nalo mwambie baba.

Kazi ya kuanzia isiwe ghala. Iwe usaidizi wa wauguzi kwenye nyumba za wazee, yaani CNA. Kentucky wanaiita SRNA. Mafunzo kwa sheria ya serikali kuu hayapungui saa 75, na 16 kati yake ni za vitendo chini ya usimamizi. Usikimbilie kulipia. Nyumba ya wazee iliyokuajiri au kukuahidi kazi kabla hujaanza mafunzo hairuhusiwi kukutoza ada. Ukijilipia, kisha ukaajiriwa ndani ya miezi 12, uliza utaratibu wa jimbo wa kurudishiwa. Kazi yenyewe ni nzito: kugeuza wagonjwa, kuwaogesha, kuwalisha. Itakuonyesha mapema kama uuguzi unauweza, na mshahara unaingia huku unasoma.

Shahada ya miaka miwili ya uuguzi kwenye chuo cha jamii, kama Jefferson Community and Technical College hapo mjini kwenu, inakupeleka kwenye mtihani uleule wa leseni ya uuguzi, NCLEX-RN, anaoufanya mwenye shahada ya miaka minne. Lakini hiyo miaka miwili huhesabiwa baada ya kumaliza masomo ya utangulizi, hasa anatomia na fiziolojia. Hapo ndipo vijana wetu wengi huanguka: wanabeba shifti za usiku saa 40 kwa wiki pamoja na anatomia, wanafeli, wanaacha somo katikati. Vyuo vingi hudai wastani usiopungua 2.0 na kukamilisha asilimia 67 ya masomo uliyojiandikisha. Ukishuka chini, Pell inaweza kusimama. Sisi tunashauri shifti mbili za saa 12 wikendi, na usiongeze hata moja wiki ya mitihani.

Kuhusu chuo cha mjomba, muulize maswali matatu. Je, kimeidhinishwa na bodi ya wauguzi ya Kentucky? Wangapi kwa mia wanafaulu NCLEX mara ya kwanza? Na je, chuo cha umma kitayapokea masomo yake ukihama? Mawili ya kwanza bodi yenyewe itakujibu. La tatu kipigie simu chuo cha umma, si hicho cha binafsi. Mkopo wa kusomea cheti kisichotambulika utakufuata miaka na miaka.

Kwa baba nenda na hesabu iliyoandikwa: nitatoa kiasi hiki kila tarehe hii, kutoka mshahara wa wikendi, mpaka muhula fulani. Mwombe mzee anayemheshimu, mchungaji au huyohuyo mjomba, akae nanyi. Na ukiombwa uandikishe umeme au simu ya nyumba kwa jina lako, kataa kwa heshima. Bili ikichelewa, doa linabaki kwenye rekodi yako ya mikopo, na wewe utahitaji gari la kwendea kazini.

Niko Boise, Idaho, nina miaka 22. Nataka leseni ya malori makubwa. Baba alipata uraia nikiwa na miaka 16, mimi bado natumia grini kadi. Pia jina langu la ukoo limeandikwa mahali pa jina la kwanza, na nyumbani kwetu wote tumeandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Nijaze N-400, fomu ya kuomba uraia, nirekebishe vyote? – Dereva mtarajiwa

Usiijaze, mdogo wetu, kabla hujasoma hili. Kwa sheria ya uraia wa watoto, iliyoanza kazi tarehe 27 Februari 2001, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi, anayeishi Marekani chini ya malezi ya kisheria ya mzazi wake raia, anakuwa raia papo hapo bila kuomba. Kama ulikuwa na grini kadi na unaishi na baba siku alipokula kiapo, wewe ni raia tangu siku ile. Anayejaza N-400 huku tayari ni raia hukataliwa, na ada hairudi. Njia yako ni kuomba pasi, ukipeleka cheti cha uraia cha baba, grini kadi yako na uthibitisho kwamba ni baba yako. Au fomu N-600 kwa cheti chako mwenyewe. Jambo moja linaziumiza familia zetu: mtoto wa ndugu aliyelelewa kama mtoto wa nyumbani, au mtoto wa kambo, hapati haki hii mpaka awe ameasiliwa kisheria.

Kwa kuwa N-400 haikuhusu, na mabadiliko ya jina kupitia fomu hiyo pia hayakuhusu. Utakwenda mahakama ya jimbo. Ukipata hukumu, anza na Social Security, halafu leseni ya udereva, halafu pasi, halafu mwajiri. Ukipindua mpangilio utarudishwa kila dirisha. Tarehe ya kuzaliwa, kama hati zako zote zinakubaliana, iache ilivyo. Ndugu zako ambao hawajawa raia ndio wahangaike nayo sasa, wakiwa na kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, kwa sababu baada ya kiapo tarehe iliyo kwenye cheti cha uraia ni ngumu mno kubadilishwa.

Leseni ya malori inadai uthibitisho wa uraia au ukaazi wa kudumu, hivyo malizana na karatasi kwanza. Tangu Februari 2022 mafunzo lazima yatolewe na chuo kilichoko kwenye orodha ya serikali kuu. Kikague kabla ya kutoa malipo. Umri wako unakuruhusu kuvuka majimbo, maana mpaka wa chini ni miaka 21.

Mimi ni baba wa watoto sita, Dayton, Ohio. Nilifundisha Uvira baada ya kupata graduat, cheti cha miaka mitatu, kwenye chuo cha ualimu cha ISP Bukavu; hapa nasafisha ofisi usiku. Kijana wangu ameacha chuo mwaka wa pili, anataka kuwa fundi umeme. Naona aibu. Nimzuie? – Mwalimu wa zamani

Mzee wetu, usimzuie, ila mbane aingie kwa mlango unaofaa. Mlango huo ni uanagenzi uliosajiliwa, ambapo analipwa tangu siku ya kwanza na mshahara hupanda kadiri anavyofuzu hatua. Ule unaoendeshwa na chama cha wafanyakazi cha IBEW pamoja na waajiri huchukua miaka 5 kwa mafundi wa majengo. Kazi ya mikono kwenye uanagenzi wa umeme kwa kawaida hufikia saa 8,000, na darasa linalopendekezwa si chini ya saa 144 kwa mwaka. Akimaliza hana deni la ada, na ana ufundi unaotambulika.

Kuingia ndiko kugumu. Anatakiwa awe na miaka 18, somo la aljebra la mwaka mzima alilofaulu angalau kwa C, na afanye mtihani wa aljebra na ufahamu wa kusoma, kisha usaili. Wengi wanaobwagwa wanaujua umeme kidogo lakini wameisahau aljebra: milinganyo, sehemu, mfuatano wa namba. Wewe ni mwalimu. Jioni kabla ya shifti yako, saa moja ya milinganyo mezani itamfaa kuliko mawaidha ya mwaka mzima. Atahitaji pia leseni ya udereva na gari linalowaka asubuhi, maana eneo la kazi huhama, na mwanagenzi anayechelewa huondolewa.

Na wewe je? Graduat yako haijafa. Iagize itathminiwe na taasisi mwanachama wa NACES, muungano wa watathmini wa vyeti vya nje, kwa tathmini ya somo kwa somo, pamoja na tafsiri rasmi kutoka Kifaransa. Ulizia kwanza jinsi wanavyotaka nakala za alama zitoke Bukavu. Zikifika mkononi mwako na bahasha imefunguliwa, mara nyingi hukataliwa. Shule zenye fedha za Title I, yaani za serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini, humtaka msaidizi wa mwalimu awe na angalau miaka miwili ya elimu ya juu, au afaulu mtihani. Miaka yako mitatu ikitambuliwa, sharti hilo umelivuka. Ohio itadai pia kibali cha msaidizi wa elimu na uchunguzi wa alama za vidole. Shule za miji yenye watoto wetu zinahitaji mtu anayejua darasa na anayejua Kiswahili, na huyo ni wewe.

Niko Portland, Maine. Nimetafsiri nyumbani tangu utotoni. Naweza kulipwa kwa hilo? – Msomaji

Ndiyo, ila mazoea ya nyumbani hayatoshi. Ili ufike kwenye uthibitisho wa kitaifa wa ukalimani wa hospitali unahitaji miaka 18, cheti cha haiskuli na mafunzo ya saa 40. Mtihani maalumu wa Kiswahili haupo, kwa hiyo watu wetu hufanya CoreCHI, unaopima maadili na kanuni za kazi kwa Kiingereza. Kampuni itakupima Kiswahili kivyake.

Tabia za kuacha ni tatu: kufupisha, kumshauri mgonjwa, na kumjibia. Makosa ya hatari zaidi yako kwenye saa za dawa. Mgonjwa akisema saa mbili usiku, daktari aambiwe "8 p.m.", na kurudi vivyo hivyo. Urudie mara mbili hata kama wote wanatikisa kichwa. Kampuni nyingi zitakulipa kama mtu aliyejiajiri, bila kukata kodi. Kiwango cha kodi ya kujiajiri peke yake ni asilimia 15.3, mbali na ile ya mapato, hivyo tenga fedha kila unapolipwa na ulipe kila robo mwaka. Mafuta ya gari ya kwenda kwenye miadi yaandike na umbali wake siku hiyohiyo.