Kizimba cha Kinyonga: Wavu au Kioo?

SWALI: Shikamoo daktari. Tunaishi Toronto, na mwanangu amepewa kinyonga wa Yemen, dume wa miezi sita. Kwa sasa yumo katika kizimba cha kioo chenye upana wa sentimita 45, kina cha 45 na kimo cha 60. Muuzaji anasema kioo ndicho kinachofaa kwa baridi ya huku, lakini rafiki yetu aliyewahi kufuga anasisitiza wavu. Tumsikilize nani? Na je, tumtafutie mwenzake, maana anaonekana mpweke?

JIBU: Marahaba, mama. Wote wawili wana hoja, ila wameanzia mahali pasipo penyewe. Kwanza hutazamwa ukubwa wa mnyama atakapokomaa, kisha hewa ya chumba kitakamowekwa kizimba. Suala la wavu au kioo hujibiwa na hayo mawili.

Dume wa kinyonga wa Yemen hukomaa akikaribia mwaka mmoja, na wengi hufikia sentimita 45 hadi 60 kutoka puani hadi ncha ya mkia. Kizimba mlicho nacho kitampwaya kwa miezi michache, kisha kitambana. Kwa dume mzima mimi sikubali chini ya sentimita 60 kwa 60, kimo 120, na katika vipimo hivyo kimo ndicho kisichopunguzwa.

Nilikulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako asubuhi za baridi kinyonga wa pembe tatu huonekana juu ya ua wa michongoma akiwa mweusi kama mkaa, amejifanya bapa na kuuelekeza ubavu mmoja kwenye jua. Akishapata joto hurudia ukijani wake na kuzama ndani ya majani. Mwili wake hauzalishi joto la kumtosha, hivyo hulifuata na kulikimbia kwa kuhama. Huyo wa Yemen naye ni hivyo hivyo: anahitaji tawi la juu lenye nyuzijoto 29 hadi 32 za Selsiasi, na sehemu ya chini yenye 22 hadi 24 ya kukimbilia. Katika kimo cha sentimita 60, ukishatoa chungu cha mmea na nafasi inayopaswa kuachwa chini ya taa, kizimba chote hupata joto karibu sawa, na mnyama hana pa kwenda.

Kuhusu kioo, tatizo kubwa ni hewa kutuama, kwa sababu joto likikutana na unyevu usiotoka, maambukizi ya mapafu hayako mbali. Aidha, baadhi ya madume huiona taswira yao kwenye kioo wakadhani ni mpinzani, wakakaa wamejitutumua na kufoka kutwa nzima. Hata hivyo, muuzaji hakukosea kabisa: nyumba ya Toronto yenye mitambo ya kupasha joto huwa na hewa kavu mno wakati wa baridi, na wavu mtupu hupoteza unyevu mara tu unapomaliza kunyunyiza maji.

Kwa hiyo nashauri mnunue kizimba cha wavu wa alumini chenye vipimo nilivyotaja, kisha mfunike pande tatu kwa plastiki nzito. Hata pazia jipya la bafuni linatosha. Upande wa mbele na juu pabaki wazi, na chini mwache ukanda mwembamba ili hewa baridi iingie huko na ya moto itokee juu. Unyevu mwingi aupate usiku, taa zikiwa zimezimwa na joto limeshuka hadi nyuzi 18 hivi, kwa kuwa milima ya kwao huwa na ukungu wa usiku na mchana mkavu. Taa nyekundu ya usiku haina kazi hapo.

Taa ya mionzi ya UVB (mionzi isiyoonekana kama iliyomo katika jua) iwe ndefu, aina ya T5, yaani ya mrija mwembamba, juu ya wavu. Kumbukeni kwamba wavu hupunguza mionzi hiyo kwa takriban theluthi moja, na kioo, kikiwemo cha dirisha, huizuia karibu yote. Umbali wa taa upimwe kutoka mgongoni mwa kinyonga, si kutoka kwenye tawi. Nasisitiza hili kwa sababu kinyonga huyu ana kishungi kirefu cha mfupa kichwani, na nimetibu vishungi vilivyoungua huku kipimajoto kilichofungwa kwenye tawi kikisoma joto la kawaida. Sentimita 20 hadi 25 ni mwanzo mzuri.

Kizimba kiwekwe juu ya meza imara, kiasi kwamba tawi lake la juu lizidi macho ya mtu mzima, kwani akifikiwa kutoka juu huhisi anawindwa. Chini kuwe na sinia la kupokea maji, maana hunywa matone yaliyo kwenye majani na bakuli halimsaidii. Mimea iwe isiyo na sumu, mathalani haibiskasi, kwa sababu aina hii hula majani.

Mwenzake msimtafute. Kinyonga huishi peke yake, na mkimwekea jike au dume mwingine, mmoja ataacha kula. Kizimba kipya kikifika, washeni taa na kupima joto la juu na la chini kwa siku mbili tatu kabla ya kumhamishia humo.