Ukitaka kuongoza opera, anza kwa kushika daftari

Vijana wengi huniuliza waanzie wapi ili wawe waongozaji wa tamthilia au opera, yaani tamthilia ya kuimbwa. Jibu langu ni moja: tafuta kazi ya msaidizi wa mwongozaji, na uombe uwe wewe unayeshika daftari la onyesho.

Daftari hilo ndilo lenye kila kitu: nani anaingia kutokea upande gani na kwenye nota ipi ya muziki, nani anaondoa kiti, taa inafifia lini. Mimi hubandika ukurasa wa nota upande mmoja na kuacha mweupe upande wa pili wa kuchora jukwaa. Natumia penseli, maana mwongozaji anaweza kubadili mlango wa kuingilia mara tatu asubuhi moja.

Majumba ya opera hayaachi onyesho life baada ya msimu mmoja. Seti na mavazi huwekwa stoo, na miaka baadaye onyesho hurudishwa na waimbaji wengine, wakati aliyelibuni yuko nchi nyingine au ameshafariki. Anayeitwa kulifufua ni mwenye daftari. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya kwaya kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo.

Jifunze pia kusoma nota, tafadhali sana. Kwenye tamthilia unaweza kumwambia mwigizaji akae kimya kidogo kabla ya kujibu. Kwenye opera ukimya huo mtunzi alishaupima, na mwenye kuushika ni kondakta, yule anayeongoza okestra na waimbaji. Mwimbaji asipomwona kondakta kwenye kifungu kigumu, umemwonea.

Na wanaotaka utayarishaji, yaani kutafuta fedha za onyesho na kulisimamia? Njia haitofautiani sana. Mmarekani Harold Prince alianza kama msaidizi wa meneja wa jukwaa, mwaka 1954 akawa miongoni mwa watayarishaji wa onyesho la muziki Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, kisha akageukia uongozaji. Alipata tuzo 21 za Tony, zinazotolewa kwa maonyesho ya Broadway. Omba uoneshwe bajeti ya wiki: kodi ya ukumbi, mishahara, matangazo. Wawekezaji hurudishiwa mtaji wao kwanza, ndipo faida igawanywe.

Mtayarishaji awe na moyo mgumu pia. Mwongozaji Mfaransa Patrice Chéreau alizomewa kwenye tamasha la opera la Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1976, lakini tamasha halikuliondoa onyesho lake. Lilipofika mwisho mwaka 1980 watazamaji walilishangilia kwa muda mrefu mno.

Jambo ambalo wasaidizi wengi hawaliulizi ni malipo ya marudio. Kabla ya kusaini, hakikisha mkataba unasema utalipwa nini onyesho likirudishwa au likiuzwa kwa jumba jingine.