Shule iko mjini, petisheni tunaweza kuipeleka kwa distrikti ya milimani?

SWALI: Dada habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wazazi hapa San Diego, wengi wetu Wakongo na Wasomali Bantu, na familia chache za Kenya na Tanzania. Tunataka kuanzisha shule ya chata ya msingi, yaani ya umma lakini inayoendeshwa na kikundi kama chetu, ambapo watoto watasoma kwa Kiingereza na Kiswahili. Familia nyingine zinakaa mtaa wa City Heights hapa mjini, nyingine mji jirani wa El Cajon. Kuna mtu anajiita mtaalamu katuambia distrikti ya mjini, yaani mamlaka ya shule za umma za eneo, itatuzungusha, bora tupeleke petisheni (ombi la kuanzisha shule) kwenye distrikti moja ndogo huko milimani ambako bodi inapitisha haraka, alafu jengo tulifungue hapahapa City Heights. Anataka tumlipe kwanza ndo aanze kazi. Hii inaruhusiwa kisheria? Na kama hairuhusiwi tuanzie wapi?

JIBU: Nzuri kaka, na hongereni sana kwa kufika hapo mlipofika, manake kuwaweka wazazi wote hao kwenye jambo moja sio kazi ndogo.

Hairuhusiwi, na hela msitoe. Tangu tarehe 1 Januari 2020 shule ya chata ya California lazima iwe ndani ya mipaka ya distrikti iliyoipitisha, na sheria iliyoweka hivyo ni AB 1507, ililetwa na mbunge Christy Smith na gavana Gavin Newsom akaisaini Oktoba 2019, siku moja na AB 1505 ambayo na yenyewe inawahusu sana, nitaifikia. Huyo mtu wenu hajatunga uongo wa kutoka hewani, anachowaelezea kilikuwa kinafanyika kweli tena kwa miaka mingi, ila anawauzia njia ambayo imeshafungwa.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, kwa sababu mkienda kwenye bodi yoyote mtakuta watu bado wana kumbukumbu za mambo haya, na msipojua mtadhani wanawachukia nyie.

California ilipitisha sheria ya shule za chata mwaka 1992, jimbo la pili Marekani baada ya Minnesota. Wengi wetu tumetoka kwenye mfumo ambao shule inasajiliwa na serikali kuu, huku sivyo, anayepitisha ni bodi ya distrikti iliyochaguliwa na wakazi, na distrikti ziko karibu elfu moja jimboni, nyingine kubwa kama San Diego Unified na nyingine ndogo kabisa zenye watoto wachache kuliko mtaa mmoja wa City Heights. Mwaka 2002 bunge la jimbo likaweka kanuni kwamba chata ikae ndani ya distrikti yake, lakini likaacha milango: ukitafuta jengo moja la kutosha shule yako yote ukakosa ndani ya distrikti unaweza kufungua sehemu moja nje, au ukiwa nje kwa muda tu wakati mnajenga, na zile chata za watoto wanaosomea nyumbani zilikuwa na vituo vyao vya kuja kukutana na mwalimu, hivyo vilikuwa na kanuni zake tofauti. Milango hiyo ndo watu wakapitia.

Kwanini distrikti ndogo ya milimani ikubali kupitisha shule iliyo kilomita themanini kutoka kwake? Pesa. Sheria inairuhusu distrikti kutoza ada ya usimamizi, mpaka asilimia 1 ya mapato ya shule, na mpaka asilimia 3 ikiwa imeipa shule jengo bila kodi. Chukua mfano wa kupigia hesabu tu, shule yenye watoto 500 ikipata dola 10,000 kwa kila mtoto ni milioni 5, asilimia 1 hapo ni dola 50,000 kwa mwaka. Sasa distrikti yenye shule moja na ofisi ya watu wachache ikipitisha chata kumi za namna hiyo inapata bajeti ambayo haijawahi kuiona, na wala haipotezi mwanafunzi hata mmoja kwa sababu watoto wanaohamia chata ni wa distrikti ya jirani! Anayepoteza watoto na hela zao hana kura, anayepata ada hana hasara. Na huyo anayepata ada ndo anategemewa aikague shule, aifungie ikiharibu, aifungie halafu ada yake itoke wapi?

Mwaka 2017 mkaguzi wa hesabu wa jimbo alitoa ripoti nzima juu ya distrikti za namna hii, mojawapo Acton-Agua Dulce, distrikti ndogo kaskazini mwa kaunti ya Los Angeles, na akasema wazi kwamba baadhi zilipitisha shule za nje ya mipaka isivyo halali na hazikuzisimamia vya kutosha. Kabla ya hapo, 2016, mahakama ya rufaa ilishaamua kesi ya kaunti ya Shasta kwamba chata ya wanaosomea nyumbani haiwezi kufungua kituo nje ya distrikti yake hata kama bado iko kaunti ileile. Alafu Mei 2019 hapohapo kwenu San Diego ikatoka kesi ya A3, watu 11 wakashtakiwa, mkuu wa distrikti mmoja akiwemo, A3 ulikuwa mtandao wa chata 19 za mtandaoni uliokuwa unapitishwa na distrikti ndogo kama Dehesa, ambayo watoto wake wenyewe hawafiki 200, na waliandikisha hadi watoto waliokuwa kwenye timu za michezo wakati wa likizo, wazazi wengine hawajui hata kama mtoto wao ni mwanafunzi wa shule hiyo. Viongozi wawili walikiri makosa 2021 na zaidi ya dola milioni 200 zikatakiwa zirudi. Miezi mitano baada ya mashtaka hayo AB 1507 ikasainiwa, kwa hiyo mnaona haikuja bure.

Mimi kazi yangu ni kusaidia vikundi kuandika petisheni, ningeweza kulalamika kwamba sheria imetubana, lakini naiunga mkono kwa moyo wote. Shule ya watoto wa wakimbizi ikianza kuyumba, mwalimu haji, basi halipo, mtoto mwenye ulemavu hapewi huduma yake, mzazi anatakiwa aweze kupanda trolli au basi akafika kwenye kikao cha bodi akasema, na aliyekaa pale mbele awe ni mtu aliyempigia kura au angeweza kumpigia. Mzazi wa City Heights asiye na gari ataendaje milimani saa kumi na mbili jioni? Na kule akifika atasema na nani, bodi iliyochaguliwa na watu ambao hata mtaa wake hawaujui.

Haya, tuje kwenye yenu. Kitu cha kwanza ambacho naona kinawachanganya wengi: mipaka hii ni ya jengo, sio ya mtoto. Chata ya darasani ni shule ya umma, haina karo, na inaweza kupokea mtoto anayeishi popote California, maombi yakizidi nafasi mnapiga bahati nasibu na wanaopewa kipaumbele ni waliomo tayari na wakazi wa distrikti. Kwa hiyo watoto wa El Cajon wanaweza kusoma City Heights au kinyume chake, nyie mnachochagua ni mlango wa shule utakuwa wapi, na hapo ndo petisheni inafuata.

Jengo likiwa City Heights mnaenda San Diego Unified, hao wana shule kuanzia chekechea hadi darasa la 12. Likiwa El Cajon angalieni vizuri, kule kuna distrikti mbili kwenye ardhi ileile, Cajon Valley Union ya chekechea mpaka la 8 na Grossmont Union ya sekondari, na kwa shule ya msingi mnayoitaka nyie petisheni ni ya Cajon Valley. Msiangalie jina la mji kwenye anwani, angalieni ramani ya distrikti, nimeona kikundi kimeshalipa amana ya jengo ndo kinagundua barabara iliyopo nyuma yake ni mpaka.

Fikirieni pia Prop 39, ile iliyopigiwa kura mwaka 2000. Distrikti inalazimika kuipa chata nafasi ya majengo inayolingana na ya shule zake nyingine, mradi mtarajie angalau watoto 80 wanaoishi ndani ya distrikti hiyo wakihudhuria darasani, na maombi yanatakiwa kufika kabla ya tarehe 1 Novemba ya mwaka wa masomo unaotangulia. Ndo maana nawashauri mhesabu kwanza, watoto wangapi kati ya wenu wanaishi upande gani, kama 80 wanatimia upande wa City Heights hiyo peke yake inaweza kuamua mlango uwe wapi, kodi ya jengo San Diego mnaijua wenyewe.

Sasa AB 1505. Zamani bodi ilikuwa haiwezi kukataa kwa sababu ya hela, siku hizi inaweza kukataa ikionyesha kwa ushahidi kwamba shule yenu itadhoofisha sana huduma zilizopo, au itarudia programu ambayo distrikti tayari inayo na ina nafasi za kutosha jirani na hapo, au hali ya kifedha ya distrikti haiwezi kubeba pigo hilo. Hapa Kiswahili ndo nguvu yenu, ulizeni kama kuna shule yoyote ya umma ndani ya distrikti inayofundisha masomo kwa Kiswahili, na kama haipo liandikeni hilo mapema kabisa kwenye petisheni na mlithibitishe, msilifiche ukurasa wa themanini chini ya maneno mazuri kuhusu utamaduni. Na mwandike watoto watatoka shule zipi, wangapi kila shule, manake hicho ndo watu wa fedha watakitafuta kwanza.

Saini: mnahitaji wazazi wa watoto angalau nusu ya idadi mnayotarajia mwaka wa kwanza, au walimu nusu ya mtakaowaajiri, na karatasi yenyewe lazima ieleze kwamba anayesaini ana nia ya kweli ya kumleta mtoto, au kufundisha hapo. Msisainishe watu kanisani na msikitini kama wanasaini kadi ya harusi, bodi ikipiga simu na mama akasema hajui alisaini nini mmeharibu.

Walimu lazima wawe na cheti cha jimbo. Mwalimu aliyesomea Bukavu au Morogoro au Eldoret anaweza kuanza safari ya kulinganishiwa vyeti vyake kwenye tume ya jimbo ya vyeti vya walimu, lakini inachukua muda, waanze sasa hivi kabla hata petisheni haijaisha.

Mkishawasilisha, bodi ina siku 60 za kufanya kikao cha kusikiliza wananchi na siku 90 za kuamua, na mapendekezo ya wafanyakazi wao yanawekwa hadharani siku 15 kabla. Mkikataliwa mnakata rufaa bodi ya kaunti ndani ya siku 30. Bodi ya jimbo ipo bado lakini siku hizi inaangalia tu kama waliotangulia walitumia vibaya mamlaka yao, haianzi upya, msiitegemee.

Kuna njia moja halali ya kuwa na majengo mawili, City Heights na El Cajon, nayo ni chata ya kaunti nzima, inaombwa moja kwa moja bodi ya kaunti, lakini lazima muonyeshe kwamba mnachofanya hakiwezekani vizuri hivyo mkiwa distrikti moja tu. Kwa watu ambao jamii yao imegawanyika namna yenu sio wazo la kutupa, ila ni gumu zaidi na mimi ningeanza na jengo moja.

Na huyo mtaalamu akija kuwaonyesha chata iliyo nje ya distrikti yake na bado iko wazi, mwambieni hizo zilikuwepo kabla ya 2020, sheria iliziacha mpaka siku ya kuongezewa muda, na siku hiyo zinatakiwa zipate kibali cha maandishi cha distrikti zilipo au zihamishie petisheni huko. Kwenu nyie mnaoanza leo hiyo haipo. Hela mliyotaka kumpa itawatosha kumlipa mhasibu awatengenezee bajeti ya miaka mitatu, hiyo lazima iwepo kwenye petisheni na ndo sehemu ambayo naona vikundi vingi vya wazazi vinaangukia.